Losheni ya jua, nguo au kivuli: kipi kinaifaa ngozi yako?

Ushauri mwingi wa kujikinga na saratani ya ngozi unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa ajili ya watu weupe wa Australia, Ulaya na Marekani. Ushauri wenyewe si wa uongo. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland nchini Australia, watu zaidi ya 1,600 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1992. Waliopaka losheni ya jua kila siku walipata saratani ya seli bapa, moja ya aina za saratani ya ngozi, kwa karibu asilimia 40 pungufu kuliko wale walioachwa wapake wanavyotaka. Huo ni ushahidi mzito. Ila waliopimwa pale ni watu wenye ngozi nyeupe wanaoishi kwenye jua kali, na hapa kwetu mtu wa namna hiyo yupo: ni mwenye ualbino. Mweusi wa Tabora au Machakos hayumo kwenye hesabu ile, na kumwambia anunue tyubu ya SPF 50 (SPF ni kipimo cha nguvu ya losheni kuzuia miale inayounguza) ili asipate saratani ni kumwuzia jibu la swali la mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chupa na chupa, tulinganishe ngozi na ngozi. Makosa mengi ya kununua yanaanzia hapo.

Ngozi nyeusi na ngozi yenye ualbino

Melanini, ile rangi ya ngozi, ni kinga ya kuzaliwa nayo. Kipimo kimoja cha mwaka 1979 ambacho bado kinanukuliwa kilikuta tabaka la juu la ngozi nyeusi linazuia miale inayounguza kama losheni ya SPF 13 hivi, huku la ngozi nyeupe likiwa kama 3 tu. Haina maana mweusi haungui. Muulize mvuvi wa Kilwa aliyeshinda baharini siku nzima juu ya maji yanayorudisha mwanga. Lakini saratani inayompata mtu mweusi mara nyingi haitokani na jua. Melanoma, aina ile hatari inayosambaa haraka, kwake hupenda kuota unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Na saratani ya seli bapa kwa mweusi mara nyingi huanzia kwenye kovu la moto la zamani, au kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi bila kufunga.

Mwenye ualbino hana ile kinga. Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000 ana ualbino, wakati kwa Tanzania makadirio yanayotumika sana ni mmoja kati ya 1,400. Jua linaanza kumharibu akiwa mtoto mchanga anayebebwa mgongoni kwenda shamba. Utaona kwanza mashavu mekundu, kisha midomo inayopasukapasuka, halafu vipele vikavu vyenye magamba juu ya masikio na migongo ya mikono, ambavyo vikiachwa baadhi hugeuka saratani ya seli bapa. Habari njema ni kwamba aina hii huchelewa kusambaa. Ikikatwa mapema inapona. Watu hufa nayo kwa sababu wamefika hospitali kidonda kikiwa kimeshakula nusu ya shingo.

Ukishajua uko upande upi, mengine yote yanabadilika bei na uzito.

Nguo dhidi ya losheni

Kama una mtoto mwenye ualbino na fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua nguo. Sitazunguka hapo.

Tazama hesabu. Namba ya SPF iliyoandikwa kwenye tyubu hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa mwili mzima wa mtu mzima, hiyo ni mililita 30 au zaidi kidogo kwa mpako mmoja. Tyubu ya mililita 100 inaisha kwa mipako mitatu. Na ukiwa nje unatakiwa upake tena kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho jingi. Mkulima atakayeingia shambani amevaa kaptula tu ataimaliza kabla ya jua kuzama. Basi watu hufanya nini? Hupaka kidogo. Wanaopimwa hukutwa wamepaka robo au nusu ya kiasi kinachotakiwa, na kinga inashuka pamoja na kiasi. SPF 30 iliyopakwa kama mafuta ya nywele haibaki 30.

Nguo haina usumbufu huo. Ukiivaa umemaliza, hairudiwi saa sita wala haioshwi na jasho, na mwakani bado ipo. Kwa bei ya tyubu moja nzuri iliyotoka nje unaweza kupata mashati mawili matatu ya mtumba, ya mikono mirefu.

Lakini nguo nazo hazilingani. Kipimo chake huitwa UPF: kitambaa cha UPF 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 za miale ya jua. Shati la jinzi linavuka hapo bila shida. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba iko kwenye 5 hadi 8, na ikilowa jasho au maji inashuka zaidi, hivyo mtoto anayeogelea na fulana nyeupe anakingwa kidogo sana. Nguo nyingi za sokoni hazina namba hiyo, ila huihitaji. Chukua nguo, iingize mkono, inyanyue dirishani mchana. Ukiona umbo la vidole vyako, jua nalo linaviona. Usipoona kitu, umepata nguo.

Kwa jaribio hilo hilo utagundua mambo. Khanga mpya inakinga kiasi, lakini ile iliyofuliwa miaka mitatu, laini kama tunavyoipenda, imeshakuwa chujio. Kitenge kizito kinaishinda. Buibui jeusi ni kinga ya hali ya juu. Kanzu nyeupe nyembamba inataka kitu chini yake. Rangi iliyoiva huzuia kuliko rangi ya mpauko, na nguo pana inakinga vizuri kuliko inayobana, kwa sababu inayobana huvutika na nyuzi zake zinaachana.

Kasoro ya kweli ya nguo ni joto. Shati la jinzi Tanga mwezi wa Februari ni adhabu, na mtoto atalivua ukigeuza mgongo. Hapo bora shati la pamba iliyoshonwa nyuzi karibu karibu, pana, rangi ya bluu au kijani iliyokolea, ambalo atakubali kubaki nalo.

Halafu kofia. Kapelo ndiyo inayopendwa, na ndiyo dhaifu kuliko zote, maana inafunika paji la uso na pua, inaacha masikio na shingo ya nyuma wazi, na hapo hapo ndipo saratani za wenye ualbino zinapopenda kuota. Kofia ya kiua ni pambo la Ijumaa. Uso haiukingi hata kidogo. Unachotafuta ni pama yenye ukingo unaozunguka kichwa kizima, upana wa sentimita 7.5 au zaidi. Za ukindu zinafaa zikiwa zimesukwa bila matundu. Kama hupati, mpelekee fundi cherehani turubai laini au jinzi kuukuu, mwambie ashone ukingo mpana na kipande cha kuning'inia shingoni. Ni kazi ndogo kwake.

Losheni inashinda nguo mahali nguo isipofika: usoni, masikioni, shingoni mbele, migongo ya mikono, na juu ya nyayo kwa anayevaa ndala. Kwa mtu aliyekwisha vaa mikono mirefu, suruali na pama, tyubu ile ile ya mililita 100 sasa inakaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ninasema nguo kwanza. Nguo ndiyo inayoifanya losheni iwezekane kwa mfuko wa kawaida.

Walimu wakuu wanaosoma hapa, jambo moja kwenu. Sare ya kaptula na shati la mikono mifupi ni sumu kwa mwanafunzi mwenye ualbino, na gwaride la saa nne uwanjani ni sumu zaidi. Mruhusuni avae mikono mirefu na kofia bila kumwomba mzazi barua, na akae upande wa kivuli wakati wa paredi.

Losheni ya madini au ya kemikali?

Ukifika duka la dawa utakuta losheni za aina mbili kubwa. Za madini zina zinki oksidi au titani dioksidi, unga mweupe unaokaa juu ya ngozi na kuizuia miale. Za kemikali zina viungo vinavyofyonza miale na kuigeuza joto kidogo.

Kwa mwenye ualbino, ya madini ni nzuri sana. Haichomi macho kirahisi, haiwashi ngozi iliyochoka, na weupe wake hauonekani kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto mdogo ndiyo ninayoichagua bila kufikiri mara mbili. Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, ya SPF 30, iliyobuniwa hasa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa bure kupitia kliniki zao. Kenya nako serikali hutoa losheni kwa wenye ualbino kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Anayestahili na hajajiandikisha, aanzie huko kabla ya kutoa senti dukani.

Kwa ngozi nyeusi ni kinyume. Paka zinki ya kawaida mgongoni mwa mkono wako, ukubwa wa harage. Sugua. Sugua tena. Baada ya dakika nzima utabaki na mkono wa kijivujivu kama wa mtu aliyetoka kusaga unga, na kesho hutapaka. Losheni usiyoipaka haina SPF. Hivyo mweusi anayehitaji losheni atafurahia zaidi ya kemikali, au ya madini iliyotiwa rangi ya ngozi.

Hiyo yenye rangi si urembo tu. Watu weusi wengi hununua losheni ya jua kwa ajili ya madoa: ya chunusi, ya ujauzito yanayotanda mashavuni, ya vipele vilivyopona. Madoa hayo hukolezwa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na losheni ya kawaida inauachia upite. Kinachouzuia ni oksidi za chuma, rangi zile zinazoipa losheni ukahawia. Kwa mwanamke mweusi mwenye madoa ya mashavuni, losheni yenye rangi ina faida kuliko SPF 50 isiyo na rangi. Hilo ndilo ambalo tangazo la televisheni halikuambii.

Kuhusu namba, msigombane. SPF 15 iliyopakwa sawasawa huzuia karibu asilimia 93 ya miale inayounguza, 30 huzuia kama 97, na 50 kama 98. Tofauti ya 30 na 50 kwa bei yaweza kuwa kubwa kuliko tofauti yake kwa ngozi. Kwa mwenye ualbino namba kubwa ina kazi moja halali: inafidia tabia yetu ya kupaka kidogo. Muhimu kuliko namba ni maneno "broad spectrum" au herufi UVA ndani ya duara, kwa sababu SPF inapima miale inayounguza tu, wakati ile mingine inayopenya ndani zaidi nayo inaharibu. Tazama na tarehe ya kuisha. Tyubu iliyokaa kwenye meza ya juani sokoni, hata kama tarehe haijafika, iache hapo hapo.

Kiasi cha uso na shingo: mistari miwili kamili juu ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, kutoka shina hadi ncha. Masikio usiyasahau. Midomo ina mafuta yake yenye SPF, na kwa mwenye ualbino ni lazima, kwani mdomo wa chini unatazama juu siku nzima.

Kivuli na saa

Kivuli ni bure na ndicho kinachodharauliwa. Jua linakuwa kali zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na kilele chake Dar es Salaam na Nairobi ni kama saa sita na nusu. Kipimo rahisi kiko miguuni pako: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jificha. Palizi ya saa kumi na mbili hadi saa tatu, kisha ya saa kumi na moja jioni, inamkinga mwenye ualbino kuliko losheni yoyote.

Tahadhari mbili. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale, kwa hiyo siku ya mawingu si siku ya likizo. Na baridi inadanganya. Kila ukipanda mita 1,000, miale huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mtu wa Mbeya, Limuru au Bukavu anapigwa zaidi ya wa pwani, ila kwa kuwa hasikii joto anavua kofia. Mwavuli unasaidia, na mweusi ndio bora, lakini mchanga na maji hurudisha miale kutoka chini. Ufukweni hautoshi peke yake.

Miwani pia imo humu. Giza la kioo si kinga. Miwani ya barabarani isiyochuja miale inafanya mboni ipanuke na kupokea zaidi. Tafuta maandishi UV400. Ushauri huu unamhusu hata mweusi, hasa anayeishi na virusi vya Ukimwi: saratani ya ngozi laini ya jicho inaonekana sana Afrika Mashariki, na jua pamoja na VVU ni visababishi vyake vikubwa. Kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kisipuuzwe kwa kuitwa vumbi.

Mafuta ya kila siku

Hapa naenda haraka, kwa kuwa watu hutumia fedha nyingi mahali ambapo tofauti ni ndogo.

Mafuta ya mgando, Vaseline na wenzake, ndiyo bora kwa bei. Hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyomo, kwa hiyo paka ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiyo chaguo langu. Ubaya wake ni ule mng'ao na kunata, na kwa uso wenye chunusi hayafai. Glisirini iliyochanganywa na maji huvuta unyevu na haina mafuta. Inawafaa wenye ngozi ya mafuta. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini na yana harufu ya nyumbani, ila usoni huziba vinyweleo vya wengi. Mafuta ya alizeti yasiyo na manukato hulainisha bila kudhuru. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yote tunayoyapa, yamekutwa yakidhoofisha tabaka la juu la ngozi. Yabaki jikoni na kwenye dua.

Losheni za manukato ni uturi uliotiwa maji. Ukipenda harufu, jipulizie nguo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalokinga jua. Mama akimpaka mtoto mwenye ualbino mafuta ya nazi asubuhi na kumtoa nje akidhani amemkinga, amempaka kiungo. Liwa nayo ni ya urembo na ubaridi wa ngozi; usiihesabu kama losheni ya jua.

Sabuni: ya mche ni ya nguo. Ukali wake wa magadi uko mbali na ngozi, ambayo kwa asili ina uchachu kidogo. Kuoga tumia sabuni laini isiyo na dawa, na dodoki lako lipumzike siku nyingine. Madoa meusi mengi ya mgongoni ninayoyaona yanatokana na kusugua.

Mkorogo

Sehemu hii haina pande mbili za kulinganisha.

Ukienda kuuliza losheni ya jua kwenye baadhi ya maduka, utasikia: "Dada, chukua hii, inakinga jua na inang'arisha pia." Rudisha mkono. Kinachong'arisha kwa kasi ndani yake mara nyingi ni haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo Tanzania, Kenya na Rwanda zimezipiga marufuku kwenye vipodozi. Kwenye kopo soma maneno haya kama yalivyo: "hydroquinone", "mercury", "calomel", "clobetasol", "betamethasone". Kopo lisilo na orodha ya viungo kabisa ni baya kuliko lenye orodha mbaya.

Mkorogo huivua ngozi nyeusi ile SPF 13 yake ya kuzaliwa nayo, kisha huitoa juani uchi. Steroidi huifanya iwe nyembamba hadi mishipa ionekane na jeraha la kisu cha jikoni likatae kufunga. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huacha weusi wa bluu mashavuni ambao hautoki, tatizo lililoelezwa na daktari wa Afrika Kusini mwaka 1975. Zebaki huingia mwilini na kuharibu figo. Na madaktari wa Dakar wameripoti saratani ya seli bapa shingoni mwa wanawake weusi waliojichubua miaka mingi, ugonjwa ambao ngozi zao zisingeupata pale.

Kwa madoa, ulinganisho halali ni huu: losheni yenye rangi kila asubuhi, pamoja na asidi ya azelaiki au niasinamaidi jioni. Ni polepole, miezi mitatu au minne. Dawa za jamii ya retinoidi hufanya kazi zaidi, ila si kwa mjamzito, na ziandikwe na daktari. Aliyezoea mkorogo wenye steroidi asiache ghafla bila kumwona daktari, maana ngozi hulipuka.

Kujikagua

Kwa mweusi, fedha ya losheni ya jua kwa ajili ya saratani ningeihamishia kwenye kioo kidogo cha mkononi. Mara moja kwa mwezi, ukishaoga, kaa kitandani, tazama nyayo zote mbili, katikati ya vidole, visigino, viganja, kisha kucha moja moja.

Doa jeusi unyayoni si lazima liwe baya. Wengi tunayo tangu utotoni. Unachotafuta ni doa jipya, linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, au linalotoa damu bila kujikwaa. Kwenye kucha, mistari ya kahawia kwenye vidole kadhaa ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa kadiri umri unavyokwenda. Mstari mmoja peke yake kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au ambao weusi wake umevuka hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha, huo nenda nao hospitali wiki hii. Kidonda popote ambacho hakijapona baada ya mwezi mmoja, nenda. Kovu la moto la zamani ambalo limeanza kutoa majimaji au kuota nyama, nenda, na uwaambie kovu lina miaka mingapi, kwa sababu bila hiyo watakupa krimu ya fangasi.

Mwenye ualbino asisubiri dalili. Apimwe ngozi yote kila miezi sita, na wale walioanza kuwa na vipele vya magamba kila miezi mitatu. Kipele kikiwa kidogo hugandishwa kwa nitrojeni ya maji, kimiminika chenye baridi kali, dakika chache, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kaskazini mwa Tanzania kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi; Dar es Salaam kuna Muhimbili kwa ngozi, na Ocean Road saratani ikishathibitishwa; Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kliniki za wilaya nazo hutembelewa na wataalamu kwa ratiba. Uliza kwenye hospitali yako tarehe yao ijayo, kisha waambie na jirani zako.

Siku ya kwenda, usipake losheni yenye rangi wala mafuta mazito. Chukua makopo yote unayotumia, hata yale unayoyaonea aibu, utie kwenye mfuko uende nayo. Toa rangi ya kucha. Na kama kuna harusi wiki hiyo, dada, fanya kliniki kwanza na hina baadaye: chini ya hina iliyoiva, hata daktari mwenye macho makali haoni doa la unyayoni.